Mashine ya farasi 15: plagi za iridiamu hazikuwa dawa

Nimepata kwa nini silinda ya chini ya mashine ya mashua yetu inakata moto. Wiki tatu, na haikuwa plagi.

Dalili, kama nilivyoandika mara ya mwisho, ni hii. Tunapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, polepole maji yakiwa yamekupwa, tukitokeza upande wa Pate nafungua gesi, silinda ya chini inamisi (inarukaruka moto), tezi inazama, mashua inakataa kupanda. Nikiitoa plagi, imelowa oili, nyeusi tii. Kabureta nimeisafisha mara mbili. Oili napima kwa chupa, mililita 400 kwa dumu la petroli la lita 20, sikadirii kwa macho.

Ndipo nikaagiza Mombasa plagi mbili aina ya BR7HIX, zenye ncha ya iridiamu, metali ngumu, shilingi 1,500 kila moja. B7HS, plagi ya kawaida yenye ncha ya nikeli, naipata hapa mjini kwa 350.

Siku mbili mashine ilikwenda kama imetoka kwenye boksi. Nilimwambia ami, ambaye mashua ni yake, kwamba pesa haikupotea. Siku ya tatu, pale pale Mkanda, ikakata. Nilikaa juu ya lile dumu na hasira imenijaa kifuani.

Hapo ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo kabisa: plagi ya juu nikaishusha chini, ya chini nikaipandisha juu. Ugonjwa ukabaki chini. Jaribio la dakika tano, na nilikuwa nimeshatoa 3,000.

Jana baada ya isha nikaiwasha mashine ndani ya pipa la maji, taa zote nimezima. Nilipoongeza gesi nikauona: uzi wa buluu unatoka ubavuni mwa kofia ya plagi ya chini na kuruka hadi kwenye bodi ya injini. Kofia ina ufa mwembamba kama unywele, na ndani yake chumvi. Mchana niliishika kofia hiyo labda mara ishirini nisione kitu.

Sasa zile siku mbili nzuri nazielewa. Ncha ya iridiamu ina unene wa milimita 0.6, ya kawaida kama 2.5. Kwenye ncha nyembamba moto unaruka kwa volti ndogo zaidi, kwa hiyo moto ulipendelea kupita kwenye plagi kuliko kwenye ufa. Chumvi ilipozidi kunyonya unyevu, ufa ukawa njia rahisi kuliko hata ile ncha. Plagi ya bei ilinifichia ugonjwa tu. Na hii ndiyo sababu ya moto kuonekana mzuri plagi ikiwa nje mkononi: ndani ya silinda kuna mgandamizo, na hapo inahitaji volti nyingi zaidi.

Nimekata nusu inchi ya waya uliooza kijani, nimefunga kofia mpya na kupaka grisi ya silikoni ndani. Nikarudisha B7HS zangu kuukuu. Leo tumepita Mkanda kwenda na kurudi, haikumisi hata mara moja.

Kwa hiyo msimamo wangu: iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zaidi ya 2,400, nikeli karibu 1,450, ndiyo maana ncha yake inadumu. Kwenye gari ambalo kufikia plagi ni kazi ya nusu siku, ningelipa. Kwenye mashine kama hii, ya kuchanganya oili na petroli, plagi inalowa kabla ncha haijaanza kulika. Afadhali B7HS mbili za akiba kwenye kopo kavu na spana yake. Na tafadhali, brashi ya waya isiguse iridiamu, ile ncha inaharibika.

Nilipanga kupima petroli inayotumika hadi Faza, kwa plagi za iridiamu kisha kwa B7HS. Jaribio hilo nimeliacha. Ninachotaka sasa ni kipima moto cha kujitengenezea: misumari miwili kwenye kifuniko cha plastiki, mwanya wa milimita 6, mmoja kwenye waya wa plagi, mwingine kwenye bodi. Misumari tayari nimeinoa. Kilichobaki ni kibanio cha waya.