Ikala chini

Saa tano ya usiku. Bukari (ugali) imepoa mezani, Mama amelala, na mimi bado naisikia sauti yangu mwenyewe ikisema maneno mawili. Mahari ya Yaya, dada yetu mkubwa, yaliletwa Jumamosi, mdogo wetu amepata kazi Kolwezi, wageni wa Likasi wamerudi kwao, na juu ya hayo yote sijaandika hata mstari. Nimekuja kuandika juu ya kijana wa benchi la nyuma.

Ilikuwa Jumanne, nawarudishia wanafunzi wangu karatasi zao za hesabu. Lile swali la tatu mnalijua, nililitaja hapa mwezi uliopita: tafuta thamani kubwa kabisa ya x mara sin(x), x ikitoka 0 hadi 9. Jibu langu lilikuwa 1.8197, pale x ilipo 2.0288. Yeye aliandika 7.9, x ikiwa karibu na 8. Nilimkata alama zote bila kugeuza karatasi upande wa pili.

Akasimama. "Madamu, miye nilichora na mukono. Mulima wa pili unapita wa kwanza."

"Ordinatere ilishafanya hesabu," nikamjibu. "Ikala chini."

Akaikala. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati, akafungua daftari kuendelea na somo. Hakubisha. Wenzake wawili walicheka, na mimi niliwaacha wacheke.

Usiku ule umeme uliporudi nilifungua Octave, programu ya hesabu kwenye ordinatere (kompyuta). Niseme ukweli: mchoro wa ile funksheni nilikuwa sijawahi kuuona. Nilipotayarisha swali nilijaribu kuuchora, ikanitolea kosa, "nonconformant arguments" (yaani vipimo havilingani), 1x901 na 1x901, na kwa kuwa muda ulikuwa umeniishia nikauacha. Nikapita moja kwa moja kwenye fminbnd, amri ya Octave inayofanya utafutaji wenyewe, ikanipa namba, nikaiamini. Kosa lenyewe lilikuwa nukta. Unapokuwa na namba 901 kwenye safu moja na unataka kila moja izidishwe na mwenzake, unaandika .* na si * peke yake. fminbnd haikulalamika kwa sababu yenyewe inaipa funksheni namba moja moja.

Nikatia nukta. Mchoro ukatokea: kilima kidogo upande wa kushoto, bonde refu, halafu kule karibu na 8 kilele kinachogusa 7.9167. Kijana alikichora kwa penseli. Niliitoa nakala ya karatasi yake kwenye simu, nikauona ukurasa wa nyuma: alama kumi na tisa, kila nusu hatua moja, ameziunganisha kwa mkono uliotulia.

"Ikala chini." Kwa nini sikusema tu "nionyeshe"?

Sikulala. Lakini kadiri usiku ulivyoendelea, uchungu ulianza kuchanganyika na kitu kingine, nami nakiri kilikuwa furaha. Nilitaka kujua ni wapi hasa Octave ilipotea njia. fminbnd hutafuta bonde, haitafuti kilele, ndiyo maana tunaigeuza funksheni kwa alama ya kutoa (na ndiyo maana nusu ya darasa waliniandikia -1.8197, wamesahau kuirudisha). Kati ya 0 na 9 inaanza kupima sehemu mbili: 3.44, ambapo x mara sin(x) iko karibu -1, halafu 5.56, ambapo ni -3.67. Ya kwanza iko juu zaidi, ikawa bora. Basi ikatupa kila kilicho kulia kwa 5.56, na kilele cha kweli kilikuwa humo humo kwenye kilichotupwa. Haikurudi tena kuangalia. Nikabadilisha 9 kuwa 10, nikaona imeleta 7.9787, sawasawa kabisa. Mashini ileile, mlima uleule, ila tu sehemu za kupimia zilisogea kidogo. Nilikaa nikitazama kioo mpaka jogoo wa jirani akaanza.

Alhamisi nilisimama mbele ya wote nikasema jibu langu ndilo lililokosea na la kwake ndilo sahihi, nikamrudishia alama zake. Nikachora ule mchoro ubaoni kwa chaki. Yeye akasema, "Aksanti, Madamu." Halafu akainua mkono tena, mimi moyo ukaruka.

"Tunajua namna gani kama hakuna mulima wa tatu wenye tulisahau?"

Safari hii nilimwambia aje mbele. Tukatafuta pamoja pale mteremko unapokuwa sifuri, yaani pale tan(x) inapokuwa sawa na -x: 0, 2.03, 4.91, 7.98, na inayofuata iko karibu 11.09, nje ya mpaka. Tukapima na ncha yenyewe: kwenye 9 ni 3.71 tu. Alikuwa na chaki kwenye mkono wa shati na hakurudi kuikala mpaka saa ilipoisha.

Mvua imeanza sasa hivi, kubwa, na lile bati la upande wa chumba cha Mama linapigapiga tena. Fundi alisema Jumatatu. Nimeweka beseni chini ya dari, lakini maji yanashukia upande wa kitanda, na sijui nimwamshe Mama au nisogeze kitanda pamoja naye.