Kifurushi cha Kaya: Unga kwenye Salfeti, Vyombo kwenye Ndoo

Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023, nyumba zilikwenda na vyote vilivyokuwemo: sufuria, mwiko, ndoo, kiberiti. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea sembe tupu, umempa kitu cha kukalia.

Kwa hiyo ninyi mnaokusanya misaada hapa Dodoma, fungasheni kwa kaya, si kwa aina ya bidhaa. Gari la unga likitangulia na la mafuta likachelewa siku mbili, ugomvi unaanzia hapo.

Kwa kaya ya watu 5, siku 7, anzeni na gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kilo 14; wekeni mifuko mitatu ya kilo 5. Maharage gramu 60, yaani kilo 2 na kitu, wekeni 2.5. Mafuta ya alizeti lita 1, Singida si mbali. Chumvi nusu kilo. Jumla haifiki kilo 20, mama anajitwika. Chagueni sembe, hata kama dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ina lishe zaidi: kiini chake kina mafuta, stoo ikipata joto inachacha. Maharage yawe ya msimu huu, maana yaliyokaa sana yanamaliza kuni na hayaivi.

Unga wote hauenei kwenye ndoo ya lita 20, msihangaike kushindilia. Uende kwenye salfeti. Ndoo yenye mfuniko ibebe sufuria, mwiko, kanga, taulo za kike, mche wa sabuni, vidonge vya kutibu maji, na kiberiti ndani ya kichupa kinachofunga vizuri. Chupa ya mafuta isimame humo humo, kifuniko kimezungushiwa selotepu. Sabuni isilale na unga: ugali utanuka, na njaa haiondoi harufu ya sabuni.

Nguo ndizo zinazokula muda. Zinaletwa suti za harusi, viatu virefu, kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Chambueni hapa hapa Dodoma, kule hakuna meza wala mikono ya ziada. Viatu vifungwe jozi kwa kamba zake, saizi iandikwe nje ya salfeti. Shati moja lenye unyevu linatosha kuvundisha salfeti zima, hivyo shikeni kila nguo kwenye pindo na kwapa kabla ya kuifunga.

Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea, kataeni kwa upole. Pasipo maji safi wala moto wa kuchemshia chupa, mtoto ataharisha. Dawa zilizobaki majumbani nazo zirudi na wenyewe.

Kabla ya kupakia, pigeni simu kamati ya maafa ya wilaya mwulize kilichopungua. Kwenye Fuso tangulizeni chaga, kisha salfeti, ndoo juu, turubai mwisho. Orodha iwe nakala tatu, na ihesabu vifurushi badala ya kilo. Anayepokea saa nne usiku hana mizani.