Mkono wa kulia wa aliyekaa mbele yangu

Mwanga, Kigoma. Jumapili jioni.

Zimebaki siku sita kabla ya usaili wangu wa pili wa kuandika kwa nafasi ya ofisa mikopo katika benki, na leo nimeshinda uani, juu ya mkeka, nikipanga vizibo vya soda nilivyoviazima kwa wacheza drafti wa kijiweni. Vizibo ni sita, na kila kimoja ni abiria. Yupo mwalimu, yupo nesi, dereva, fundi, mvuvi na mkulima. Wamekaa watatu watatu kwenye viti viwili virefu vinavyotazamana ndani ya behewa. Kiti kimoja kinaelekea Kigoma na kingine kinaelekea Tabora. Mwalimu yuko katikati, anatazama Kigoma. Nesi yuko kulia kwake na dereva yuko kushoto kwake. Fundi anatazamana na mwalimu, na mvuvi yuko kulia kwa fundi. Je, ni nani anayetazamana na nesi?

Swali la namna hii ndilo lililoniangusha mara ya kwanza, na nimelitunga upya kwa watu wa huku ili nilione kosa langu vizuri. Siku ile nilijibu haraka na kwa furaha kwamba ni mvuvi. Nesi yuko kulia, mvuvi yuko kulia, basi wanatazamana; nilihamia swali linalofuata bila hata kurudi nyuma. Jibu ni mkulima, ambaye hakutajwa popote ila kwa kubaki.

Niligundua kosa hilo ndani ya treni, wakati wa kurudi kutoka Tabora ulikofanyika usaili. Nilikaa daraja la tatu, mbele yangu mama mmoja wa makamo ambaye nilimwamkia na hatukuzungumza zaidi. Treni iliposimama Urambo alinunua karanga dirishani, akachota konzi moja na kuninyooshea. "Pokea, mwanangu." Alinipa kwa mkono wa kulia, kama inavyompasa mtu aliyelelewa, nami nikanyoosha wa kwangu wa kulia kupokea, nikalazimika kuupitisha mbele ya kifua changu, kwa sababu mkono wake ulitokea upande wa kushoto kwangu. Nilibaki na karanga mkononi bila kuzila. Nadhani mama yule alifikiri sizipendi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kichwa changu katika mambo ya kulia na kushoto. Kila abiria namchorea mshale wa anakotazama kabla ya kumpangia jirani. Jambo jingine nililojifunza kwa vizibo hivi ni kwamba taarifa moja fupi hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Watu sita katika nafasi sita wanaweza kukaa kwa namna 720. Ukishamweka mwalimu, zinabaki 120. Ukimweka nesi, 24. Dereva akikaa, sita. Fundi akikaa, mbili. Na mvuvi anapoketi, inabaki moja tu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kubuni. Zamani nilikuwa nikijaribu mipangilio mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, wakati taarifa zenyewe zilikuwa zinafunga milango iliyozidi.

Pamoja na hayo, kupanga watu si sehemu inayonitesa zaidi. Ninateswa na maswali ya "wote" na "baadhi". Tuseme migebuka wote ni samaki, na baadhi ya samaki ni ghali. Je, inafuata kwamba baadhi ya migebuka ni ghali? Mtu aliyezoea kununua migebuka mwaloni Kibirizi atajibu ndiyo bila kusita, na atakuwa amesema kweli, lakini atakosa alama, kwa kuwa huenda hao samaki ghali waliotajwa ni wa aina nyingine kabisa. Mtahini hajauliza bei ya migebuka. Ameuliza kama sentensi mbili alizonipa zinatosha kuizaa ya tatu. Vilevile, mtu wa huku akiniambia kwamba baadhi ya mawakala wa benki ni wanawake, ninaelewa papo hapo kwamba wengine ni wanaume, maana kama wote wangekuwa wanawake angesema hivyo. Katika mtihani "baadhi" haikatai "wote". Nimelelewa kusikia hata lile ambalo msemaji hakulitamka, na sasa ninatakiwa kulizibia masikio kwa muda wote wa mtihani.

Kwenye maswali ya ukoo hali ni hiyo hiyo, tena mbaya zaidi. Nililelewa Ujiji kwa mama mkubwa, na watoto wake ni kaka na dada zangu. Mtu anayewaita vinginevyo ananitukana. Usaili ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo neno moja humbeba mjomba, baba mkubwa na baba mdogo kwa pamoja, na mimi nilipochora ukoo ule niliwaweka watoto wa dada wawili chini ya mzazi mmoja, kama nyumbani kwetu. Mpaka leo sioni kwamba nilikosea ukoo, nilikosea mtihani.

Mazoezi mengi ninayoyapata kwenye simu yametungwa India, ambako benki nyingi za umma huajiri kupitia mitihani ya taasisi iitwayo IBPS. Hatua ya kwanza ya mtihani wao wa maofisa ina maswali 100 kwa dakika 60; sehemu ya mantiki ina maswali 35 na dakika 20, na jibu lisilo sahihi hukatwa robo ya alama za swali. Hiyo ni kama sekunde 34 kwa swali. Kwa kuwa majibu ya kuchagua ni matano, anayebahatisha kwa kufumba macho kwa wastani hapati wala hapotezi kitu, lakini aliyeweza kufuta hata jibu moja kwa uhakika tayari ana faida kidogo. Mpangilio mmoja wa abiria mara nyingi hubeba maswali matano, kwa hiyo ukipotoka kwenye kulia na kushoto unaweza kuyakosa yote kwa mpigo. Kwa sababu hiyo sasa ninaanza na yale mafupi ya "wote" na "baadhi", ingawa ninayachukia, kisha ninarudi kwa abiria wangu nikiwa na dakika za kutosha za kuchora mishale.

Magharibi wacheza drafti wamemtuma kijana kudai vizibo vyao, kwa sababu leo wamelazimika kuchezea mawe. Nimemkabidhi vitano. Cha mkulima bado ninakitafuta chini ya mkeka.