Nilivyopata mbegu ya muhogo inayohimili michirizi ya kahawia, hapa Misungwi

Kwa misimu mingi nimeambiwa kwamba muhogo unaooza chini ni dalili ya ardhi iliyochoka. Nauchukia ushauri huo, kwa sababu shamba lilelile lilikuwa likinipa mahindi na choroko za kutosha, na kila nilipomwaga samadi mihogo iliendelea kuoza. Muuzaji mmoja wa pembejeo naye aliniuzia dawa ya kunyunyizia, akidai kwamba nikiwaua inzi weupe kazi imekwisha. Ni kweli kwamba inzi weupe hueneza virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mihogo ardhini, lakini pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa huchipua ikiwa tayari na ugonjwa, na hakuna dawa ya dukani inayotibu virusi ndani ya mmea.

Ushauri ulionigharimu zaidi ulitoka kwa mtu mwenye elimu ya kilimo, aliyenihakikishia kwamba aina inayohimili batobato, ugonjwa mwingine wa virusi unaokunjamanisha majani na kuyatia mabaka, ingemaliza matatizo yote. Shamba lilipendeza kweli: majani mapana, hayakukunjamana wala kuwa na mabaka, na wapita njia walisimama kuuliza mbegu. Siku ya kuvuna, mihogo ilitoka mikubwa na ganda zuri, lakini kisu kilipoingia ndani kilikwama kwenye vidonda vya kahawia, vikavu na vigumu kama kizibo. Tulijaribu kuondoa sehemu mbaya ili tutengeneze udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, tukabaki na vipande visivyojaza hata ungo, na dalali aliyekuja kutoka mjini alivunja mihogo kadhaa akaondoka bila kutaja bei.

Ndipo nilipokwenda TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichomo wilayani kwetu, na huko nikaelezwa jambo ambalo kila mkulima wa muhogo anapaswa kulijua. Batobato na michirizi ya kahawia husababishwa na virusi tofauti kabisa, na kinga zake hurithiwa kwa njia tofauti. Kinga ya batobato katika aina nyingi zilizoboreshwa inatokana na jeni moja kuu iliyotoka kwenye mihogo ya asili ya Afrika Magharibi, hivyo mzazi mwenye nayo huirithisha kwa urahisi. Kinga ya michirizi hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kuzikusanya zote katika mmea mmoja wenye mazao mengi na ladha nzuri huwachukua watafiti miaka. Sehemu ya kinga hiyo ina asili katika kazi iliyoanza miaka ya 1930 huko Amani, Tanga, ambako muhogo ulichanganywa na ndugu yake wa mwituni, Manihot glaziovii. Namikonga, aina ya muhogo inayojulikana kusini mwa nchi, ni uzao wa kazi hiyo.

Michirizi ilielezwa kitaalamu mwaka 1936, na kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani usiovuka mwinuko wa mita 1,000. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tulijiona salama hadi miaka ya 2000 ulipotufikia, na wapo wazee ambao mpaka leo hawaamini kwamba umefika.

Nilinunua pingili za aina inayohimili magonjwa yote mawili kwa mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake chini ya ukaguzi, aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwa kuwa ekari moja huhitaji pingili zipatazo 4,000 kwa nafasi ya mita moja kwa moja, na fedha yangu haikutosha, nilianza na robo ekari, mbali na mihogo ya majirani. Gharama ilikuwa laki moja na ushee, ukiacha vibarua. Katika miezi ya mwanzo nilipita kila wiki nikiinua majani ya chini, kwa sababu michirizi hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa, kama umanjano unaofuata vishipa vidogo huku jani likibaki na umbo lake. Anayetazama kilele peke yake hataiona. Shina lenye dalili niling'oa siku hiyohiyo.

Jambo ninalojivunia ni namna nilivyochagua shina za kuzidishia. Sikukata hata shina moja kabla ya kuvuna mihogo yake yote na kuikata kwa kuvuka, kila upana wa vidole viwili, kuanzia shingoni hadi nchani, kwa kuwa muhogo mmoja unaweza kuwa mweupe na mwenzake wa shina hilohilo umeoza. Shina nililifunga uzi wa kiroba na kuliweka kando ya mihogo yake, na doa moja tu lilitosha kulikataa shina zima. Bibi jirani alisimama mpakani akaniambia, "Ng'wanawane (mwanangu), chakula cha watoto unakikatakata namna hiyo?" Nilimwonyesha vipande vyeupe vikiwa vimekwisha kuanikwa, maana kilichokatwa ili kukaguliwa kilikuwa makopa tayari, na jioni alirudi na kisu chake akanisaidia.

Shina zilizobaki na uzi zimenipa pingili za kutosha kupanda zaidi ya ekari nzima. Wanaokuja kuomba mbegu nawapa, kwa sharti kwamba kwanza wang'oe mihogo yao ya zamani yote, pamoja na ile inayojiotea, kabla ya mvua za Novemba.