Bogenvilia ya bibi ni ipi kati ya hizi mbili?

Mwaka jana bibi yangu kule Sengerema alijengewa ukuta, mafundi wakang'oa bogenvilia yake yote na mizizi, mimi niko Mwanza sina habari, na aliponipigia simu kunieleza nilisikia sauti yake nikaishiwa nguvu. Nikamwambia bibi usiwaze, mimi si nilikata tawi kwako nikaja kulipanda hapa Nyegezi, nitakukatia nikuletee. Natoka nje kuangalia ndo nakumbuka kwamba getini ziko mbili, hiyo ya bibi na nyingine niliyonunua kwa mama anayeuza miche barabarani, nilizipanda jirani zikapanda pamoja juu ya jiwe zikasokotana, hujui tawi hili ni la shina gani. Na zote zambarau.

Basi nikaanza kulisoma hili ua kwa moyo wote. Kwao ni Amerika Kusini, Brazili, Bolivia, Peru hadi Ajentina. Wazungu waliliandika baada ya Mfaransa Philibert Commerson kuliona Rio de Janeiro mwaka 1767, alikuwa kwenye safari ya Louis-Antoine de Bougainville ndo maana likapewa jina lake, na msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume maana meli zao hazikuruhusu wanawake. Huyo mama mimi nampenda sana, sijui kwa nini jina halikwenda kwake.

Sasa kuhusu kulitambua: rangi usiitegemee kabisa. Kile tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, yanakaa matatu matatu, ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kidogo katikati. Na kuna zingine zinachanua rangi ya chungwa halafu zikizeeka zinakuwa pinki, ukipiga picha leo na wiki ijayo utadhani ni miti miwili. Shika jani. Aina ya glabra jani lake linateleza na kung'aa, halina manyoya ya kuonekana, miiba mifupi. Aina ya pili, spectabilis, jani lina manyoya, hasa upande wa chini, na miiba ni mikubwa imepinda. Zile nyekundu na za chungwa nyingi ni machotara, hizo hazikunihusu.

Nikampigia bibi, bibi shikamoo, hivi lile ua lako jani lilikuwaje? Akajibu hapohapo bila kufikiri: "Marahaba mjukuu wangu, lile ukilishika ni kama shavu la mtoto mchanga, ila miiba yake ilinichania khanga mbili." Shavu la mtoto mchanga lina vinyweleo, na miiba ya kuchana khanga si mifupi, basi ni spectabilis. Nilifurahi hadi machozi. Nikafuata tawi kwa vidole kutoka juu hadi chini, lenye manyoya limetoka shina la kushoto. Ndo hilo.

Shida nyingine ilikuwa shina la bibi kwangu lilikuwa halichanui vizuri, majani tu, na kosa lilikuwa langu, nilimwagilia kila jioni na samadi ya ng'ombe naweka kila mara. Mmea huu ukishiba maji na mbolea unajenga majani. Jua kali angalau masaa sita, udongo usiotuamisha maji, halafu uuache ukauke kabisa ndo umwagilie tena, huku kwetu kwenye mawe kiangazi cha Juni hadi Agosti ndo raha yake. Nilipoacha kumwagilia ikachanua hadi majirani wakauliza nimeweka dawa gani.

Matawi nimekata sita, yaliyokomaa unene wa penseli, urefu kama sentimita 20, nikatoa majani, nikayachomeka kwenye vikopo vya mchanga na udongo, chini ya mwembe. Jamani msidanganywe na majani mapya, tawi linaweza kuchipua wakati mizizi bado, ukilivuta kuangalia umeliua. Mizizi yake ni dhaifu mno, hata siku ya kuhamisha usitikise udongo, chana kopo kabisa.

Leo ni wiki ya saba, manne yamesimama vizuri. Mwisho wa mwezi navuka ziwa pale Busisi kwenda Sengerema nayo mapajani, bibi ameshachimba shimo, pembeni ya huo ukuta.