MAGAZIJUTO na Shangazi Sally

Kila Jumapili jioni, nikiwa napiga pasi sare ya kazini, simu yangu huita mara mbili: barua ya darasa la sita, kisha ya darasa la saba. Zote huanza vilevile, "Wiki hii wanafunzi wetu wanajifunza...", halafu masomo yanafuatana, kila mwalimu na aya yake. Mwaka wetu wa kwanza hapa San Diego sikuwa nazisoma. Nilizichukulia kama matangazo ya kanisani, yale unayoyasikia huku ukitafuta funguo kwenye mkoba. Nilikuwa nawauliza watoto kama kila mzazi anavyouliza, mmefundishwa nini leo, nao wananijibu kama kila mtoto anavyojibu: "Hamna." Vipindi sita, begi lenye uzito wa debe la maji, halafu hamna.

Siku hizi nazisoma neno kwa neno, na wiki hii zimeniumbua.

Kwa walio mbali na huku: shule ya kati hapa California ni darasa la sita hadi la nane, watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne. Wazee wetu wa Tanganyika, enzi za mkoloni, nao walikuwa na shule ya kati yao, la tano hadi la nane, kwa hiyo jina si geni. Kilichonishangaza ni kwamba mwalimu hahami. Yeye ana chumba chake kapamba kuta, watoto ndio wanaokimbizana kwenye korido kengele ikilia. Tena Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo linajiwekea viwango vyake. Mtoto wa dada yangu aliyeko Texas, naye yuko la saba, anasoma historia ya Texas. Wangu wa la saba wiki hii yuko Mali, ile dola ya kale ya Afrika Magharibi.

Nianze na hesabu, maana ndiko nilikoangukia.

Barua ya la sita ilisema wanajifunza kipi kitangulie pale swali moja linapokuwa na kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Jumatatu usiku binti kanifuata jikoni na karatasi. Swali la nne: 24 ÷ 6 × 2 − 5 + 1. Nikafuta mikono. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hiyo nikajiona niko nyumbani.

"Hili nalijua," nikamwambia. "MAGAZIJUTO."

Akanitazama kama nimempigia chafya usoni.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania simwelezi kitu. Majirani zangu Wakenya wana BODMAS yao, basi kwa ajili yao: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tuliimbishwa hadi ukiamshwa usiku wa manane unalitaja. Binti naye ana lake, PEMDAS: mabano, vipeo, kuzidisha, kugawanya, kujumlisha, kutoa. Ili lisipotee kichwani wanafundishwa sentensi yenye maneno yanayoanza na herufi hizo hizo, ya kumwombea radhi shangazi mmoja mpendwa aitwaye Sally. Huyo shangazi alimkosea nani sijaambiwa, ila watoto wa Marekani wanamwombea msamaha kizazi baada ya kizazi.

Tukagawana meza. Yeye akaanza na kuzidisha kwa sababu kwa Sally kuzidisha kunatajwa kwanza: 6 mara 2 ni 12, 24 gawanya kwa 12 ni 2. Kisha akajumlisha kabla ya kutoa, 5 na 1 ni 6. Akabakiwa na 2 kutoa 6, akakwama. Kaka yake, mdomo umejaa, bila kuinua kichwa akasema, "Hasi nne." La saba wiki hii wako kwenye kujumlisha na kutoa namba hasi, kwa hiyo alikuwa anaringa. Mimi nikagawanya kwanza: 24 kwa 6 ni 4. Nikazidisha kwa 2, 8. Nikajumlisha 5 na 1, 6. Nikatoa: 8 kutoa 6 ni 2. Jibu nikalipigia mistari miwili chini, kama tulivyozoeshwa.

Yeye hasi nne, mimi mbili. Mmoja wetu kakosea, na nilikuwa na hakika si mimi. Nikafungua barua nimwoneshe. Mwalimu wa hesabu huwa haandiki sana, aya yake ilikuwa na mistari minne, na wa tatu ulisema hivi: kuzidisha na kugawanya vina hadhi moja, kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unaanza na kile unachokikuta kwanza ukitoka kushoto. Tukarudia polepole, kidole kwenye karatasi. 24 gawanya kwa 6, nne. Mara mbili, nane. Toa tano, tatu. Ongeza moja, nne.

Nne! Si lake, si langu.

Nilikwenda zamu ya usiku na ile hesabu kichwani. Kwenye saa tisa hivi, wagonjwa wamelala, nikaichambua nyuma ya karatasi ya ratiba. Sehemu ya GAZI haina ubaya. Ukigawanya kabla ya kuzidisha jibu halibadiliki. Kasoro yangu ilikuwa kwenye JUTO. Ile 5 ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake, mimi nikaichukua nikaijumlisha na 1 kana kwamba haina alama. Alama hutembea na namba yake: −5 na +1 ni −4, na 8 ukitoa 4 unapata 4. Mwalimu wetu lazima alitueleza, ila mimi niliondoka na wimbo nikamwachia maelezo. Juto limo ndani ya jina lenyewe na miaka yote hii sikuliona. Hata hivyo shangazi Sally ana mitego miwili, wa kuzidisha na wa kujumlisha, sisi tuna mmoja tu. Asubuhi, kabla hata sijavua viatu, nilihakikisha binti amelielewa hilo.

Lakini kuna jambo lililoniuma kuliko jibu. Kwetu shule ya msingi ya serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, kufundishwa kwa Kiingereza kunaanza sekondari. Kwa hiyo kila nilichofundishwa kabla ya kidato cha kwanza kimelala kichwani kwangu kwa Kiswahili, na hicho hasa ndicho binti yangu anachofundishwa sasa. Uwiano naujua. Kipeo nakijua. KDS na KKS nazijua, kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika, nimechapwa kwa ajili yake. Mtoto akija na jina la Kiingereza natoa macho, nasema kamuulize mwalimu. Nimesema hivyo miaka miwili, na watoto wakahitimisha kwamba mama hesabu hazimo. Mkubwa aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba si vibaya, kila mtu ana kipaji chake.

Tumebandika karatasi kwenye friji, safu mbili, kila mmoja anaandika upande wake. Binti amependa zaidi kiasi na asili, namba ya juu na ya chini kwenye sehemu. Asili iko chini, akasema, kama mizizi. Mimi sikuwahi kuliwaza hilo, kwangu lilikuwa neno la kukariri.

Historia yao la sita ni Mesopotamia, nchi kati ya mito miwili, akanitajia mito yenyewe, Tigris na Euphrates, kwa matamshi ya huku. Nikamwambia, ah, Hidekeli na Frati. Akadhani natunga. Nikamfungulia Mwanzo sura ya pili, akasoma mwenyewe. Akanilipa kwa kunieleza kwamba watu wa huko walihesabu kwa sitini sitini, ndiyo maana saa moja ina dakika 60. Nikakubali kwa heshima, maana hilo mimi nilikuwa naliona kama jua kuchomoza, halihitaji sababu.

Tuje kwa mkubwa. Sayansi ya la saba wiki hii ni mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya gamba la dunia yanayosogea. Jumanne nilikuta meza imejaa vipande vya karatasi: wamepewa mabara wayakate kwa mkasi, wayapange upya kwa kufuata visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mnyama mdogo wa majini aitwaye Mesosaurus visukuku vyake vinapatikana kusini mwa Afrika na vilevile Amerika ya Kusini, alivukaje Atlantiki? Bega la Brazil linaingia kwenye kwapa la Afrika Magharibi, na mstari wa visukuku unaungana. Mjerumani Alfred Wegener alilisema hili mwaka 1912, wakambeza kwa sababu hakuweza kueleza nguvu gani inasukuma bara zima. Alifia Greenland mwaka 1930 kabla wengi hawajamwamini. Baadaye akaja Marie Tharp, mwanamke aliyechora sakafu ya Atlantiki akiwa ofisini, kwani wakati huo wanawake hawakuwa wakipandishwa kwenye meli za utafiti. Katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari alikuta bonde refu, mahali ambapo sakafu inapasuka.

"Kama lile la kwenu," mkubwa akasema, akanigeuzia ramani. Mstari mwekundu ukishuka kutoka Ethiopia, ukipita Kenya, ukiingia Tanzania. Akaniuliza kwa Kiswahili linaitwaje.

"Bonde la Ufa."

"Ufa ni nini?"

Nikamwonesha ukutani, pale juu ya mlango wa bafu, panapopasuka kila mwaka tukipaka rangi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa hiyo mlijua? Mimi nimekulia pembeni ya bonde hilo, nimelivuka kwa basi mara zisizo na hesabu, na jina lake sikuwahi kulisikiliza. Linasema mambo yote: bara linachanika, upande wa mashariki unaachana na mwingine kwa milimita chache kwa mwaka. Sikutaka kumharibia kwa kusema kwamba jina hilo pengine lilitafsiriwa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, ila huu mafundi wote wa Keko kule Dar hawauwezi.

Akanimalizia kwa kunionesha tulipo sasa. Ufa wa San Andreas uko mashariki yetu, kwa hiyo San Diego imekaa juu ya bamba la Pasifiki, ilhali sehemu kubwa ya Marekani iko juu ya bamba jingine. Letu linateleza kuelekea kaskazini-magharibi, karibu kwa kasi ya kucha zinavyokua. Nimetoka kwenye ufa mmoja nikaja kupanga nyumba kando ya mwingine, tena huu una kasi zaidi. Hayo yote ningeyajuaje kama barua isingeniambia niulize habari za mabamba? Ningeuliza mmejifunza nini, angesema hamna.

Kwenye historia ya Mali nilishindwa mapema. Mfalme wao Mansa Musa alikwenda hija mwaka 1324, akapita Cairo akigawa dhahabu hadi thamani yake ikashuka Misri. Mkubwa alinisimulia kama habari ya jana. Nikamwambia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mali mwaka 1352, ni yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, na Kilwa ni kwetu. "Mama, hiyo haimo kwenye mtihani." Basi.

Kiingereza ndiyo kazi hasa. La saba wanaandika insha ya hoja: dai, ushahidi, ufafanuzi, na lazima utaje wanasemaje wanaokupinga. Mada ni simu shuleni, maana sheria iliyosainiwa 2024 inazitaka wilaya zote za shule California ziwe na utaratibu wa kupunguza au kupiga marufuku simu ifikapo tarehe 1 Julai 2026. Sisi insha ilianza na methali na kuishia na methali, na hakuna aliyekuomba maoni. Huyu wangu kafundishwa kubishana, analipwa alama kwa kubishana, kisha anarudi kufanyia mazoezi nyumbani. Jumatano nilimwambia azime taa, ni usiku. Akaniambia dai langu halina ushahidi. Nilimpa ufafanuzi wa mama wa Kitanzania, kwa jicho tu, taa ikazimwa. Ila nakiri ile insha nimeisoma, na aya ya wapinzani kaiandika vizuri kuliko aya yake mwenyewe. Humo kaweka maneno yangu yote.

Ijumaa binti kaleta karatasi ya hesabu imesahihishwa. Swali la nne lina vema. Pembeni, mahali alipoandika MAGAZIJUTO kwa herufi kubwa, mwalimu kaweka alama ya kuuliza kwa wino wa kijani. Chini yake binti kajibu kwa penseli, kwa Kiswahili, bila kumuuliza mtu: "Alama inatembea na numba yake."

Namba kwa masikio yake ya Kiingereza imegeuka numba. Nikaiona hiyo alama ya kutoa ikijikokota na nyumba mgongoni kama konokono. Sijamsahihisha.