Senti 75 zilezile

Mapema mwaka 2023, shangazi yangu, ambaye tangu astaafu ualimu hulinda kiinua mgongo chake kwa uangalifu mkubwa, alinionyesha kwenye simu yake bei za Soko la Hisa la Nairobi. Kidole chake kilikuwa kwenye mfuko wa majengo wa ILAM Fahari, ambao mgao wake, yaani fedha unazowagawia wenye mfuko kwa mwaka, ukilinganishwa na bei ya siku hiyo, ulifikia takriban asilimia 10. "Mwanangu," akaniambia, "benki yangu hainipi hata nusu ya hii."

Nilimwomba daftari, nikapiga mistari ya safu tatu: mwaka, mgao kwa kila kipande (sehemu moja ya umiliki wa mfuko), na bei. Asilimia sikuiandika kwanza, kwa sababu asilimia ile ni tokeo la kugawanya, na anayetaka kuielewa hana budi kuona namba mbili zilizoizaa.

Mfuko huu uliuza vipande vyake kwa umma mwaka 2015 kwa shilingi 20 kila kimoja. Mali yake kuu ni jengo la maduka la Greenspan lililoko Donholm, Nairobi, na mapato yake ni kodi za wapangaji. Sheria za Kenya zinautaka mfuko wa aina hii uwagawie wenye vipande angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi, kwa hiyo mgao wake hufuata kodi kwa karibu kuliko gawio la kampuni ya kawaida, ambayo wakurugenzi wake wanaweza kuamua kubaki na faida yote.

Kwa hesabu za mwaka 2016 ulitoa senti 50. Mwaka 2017 ulitoa senti 75, mwaka 2018 senti 75, na mwaka 2019 senti 75 tena. Hapa ndipo nilipomsimamisha shangazi. Kwa mtu aliyenunua kwa shilingi 20, senti 75 ni asilimia 3.75. Bei iliposhuka hadi karibu shilingi 10, senti hizohizo zikawa asilimia 7.5. Hakuna mpangaji aliyeongeza kodi ili kiwango kile kiongezeke maradufu. Kilichotokea ni kwamba wenye vipande walipoteza nusu ya thamani ya mali yao sokoni, na hasara hiyo ikaonekana kwenye orodha kama neema. Naamini ni jambo ambalo kila mstaafu angepaswa kuelezwa kabla hajatia sahihi popote.

Baada ya hapo mgao ulipungua hadi senti 60 kwa mwaka 2020, mwaka wa korona, ukawa senti 50 mwaka 2021, kisha ukapanda hadi senti 65 mwaka 2022. Asilimia 10 aliyoiona shangazi ilitokana na senti hizo 65 zilizogawanywa kwa bei iliyokuwa inazidi shilingi 6 kidogo tu. Ni malipo ya mwaka uliokwisha yakipimwa kwa bei ya leo, wala si ahadi ya mwaka ujao.

Tulijumlisha safu ya mgao: miaka saba, shilingi 4 na senti 50. Baadaye mwaka huohuo wa 2023, kabla mfuko haujaondolewa kwenye soko kuu mwaka 2024, wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11. Aliyenunua mwanzoni kwa 20 na kuuza wakati huo alipata jumla ya shilingi 15 na nusu, kabla ya kodi ya serikali. Ila aliyenunua kwa shilingi 6 na kitu alikaribia kupata mara mbili ya fedha zake, kwa mfuko uleule na majengo yaleyale. Kwa sababu hiyo, baadaye niliongeza safu ya nne: bei niliyonunulia mimi mwenyewe.

Lakini jioni ile, kabla hatujajua lolote kuhusu shilingi 11, shangazi alitazama safu zile kwa muda, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: mikataba ya wapangaji wa Greenspan inaisha lini? Swali kama hilo hutafutiwa jibu katika taarifa ya mwaka ya mfuko, basi tukaifungua, tukaanza kuisoma pamoja.